MCHUNGA NA NDUGU YAKE WA ULAYA

Mvua za kwanza za masika zikinyesha, ardhi hulainika, na kila mwenye shamba hutoka na jembe lake. Mahindi yakiisha kuota na kufikia urefu wa shibiri moja au mbili, watoto hutumwa kupalilia. Mtoto asiye na mafunzo hung'oa kila jani lisilo la mahindi, akalitupa ukingoni mwa shamba likauke kwa jua. Nyuma yake hupita bibi yake na kikapu, akiinama na kuinuka, akiokota majani marefu yenye utomvu mweupe.

"Bibi, hayo ni magugu," mtoto humwambia.

"Mjukuu wangu," bibi hujibu, "hayo unayoyatupa ndiyo kitoweo chako cha jioni."

Mmea huo ni mchunga. Huota mashambani, kando ya njia, katika viwanja vilivyoachwa, na popote udongo ulipochimbuliwa. Waonekana pwani ya Afrika ya Mashariki, na bara pia. Wamijikenda wa pwani ya Kenya huuita mutsunga. Wataalamu wa mimea wameupa jina la Kilatini, Launaea cornuta, ili mtu wa nchi yo yote apate kuujua bila kuuchanganya na mwingine. Jina lake la Kiswahili lakaribiana sana na neno "mchungu", na aliyeutafuna mbichi hana haja ya kuuliza zaidi.

Umbo la mchunga

Mwanafunzi autazame mchunga kwa makini, aanzie chini. Chini ya udongo mna shina linalotambaa kama mzizi, likienda huku na huku. Jembe likilikata vipande, kila kipande chaweza kuchipua mche mpya. Ndiyo sababu mkulima huupalilia leo, na baada ya wiki chache akaukuta umerudi. Juu ya ardhi hutoka majani marefu, yaliyochongoka pande zote mbili mithili ya pembe ndogo. Na neno la Kilatini "cornuta" maana yake ni "-enye pembe". Kisha shina hupanda juu, nalo ni wazi ndani kama mrija. Katika udongo mzuri hufika kifua cha mtu mzima.

Ukilivunja jani au shina, utomvu mweupe kama maziwa hutoka mara moja. Utomvu huo ni ngao ya mmea. Mdudu auumaye hukutana na uchungu na kunata, na kidonda cha mmea huzibwa.

Maua yake ni madogo, ya rangi ya manjano. Walakini kila kinachoonekana kuwa ua moja si ua moja. Mtoto akilipasua kwa ukucha, ataona maua madogo mengi yaliyokaa pamoja kama watu katika baraza, na kwenye ncha ya kila kijiua mna meno matano madogo. Maua yakiisha kunyauka, kila mbegu hubaki na nywele nyeupe, laini kama pamba. Upepo ukivuma, mbegu huchukuliwa mbali, zikaanguka katika shamba la jirani ambaye hakupanda wala hakuomba.

Ndugu yake wa Ulaya

Mchunga una ndugu wengi, maana wote wa jamaa ya alizeti; na saladi inayopandwa bustanini ni ndugu wa karibu zaidi. Lakini ndugu anayefanana nao kwa mengi, kwa sura, kwa uchungu, na hata kwa mambo yaliyompata kwa wanadamu, ni mmea wa nchi za baridi uitwao dandelioni.

Waingereza walilipata jina hilo kwa Wafaransa, na maana yake ni "jino la simba", kwa kuwa ukingo wa jani lake una meno yaliyochongoka. Wafaransa wana jina lake jingine la mzaha, ambalo maana yake yakaribia "kikojozi", kwa sababu wazee wao waliamini kwamba ale jani hilo usiku atalowesha kitanda. Jina la wataalamu ni Taraxacum officinale. Neno la kwanza limetoka katika Kiarabu, na Waarabu walilipata katika lugha ya Kiajemi, ambamo lilikuwa na maana ya mboga chungu. Neno la pili huonyesha kwamba mmea huo uliwekwa katika maduka ya dawa. Basi, watu walio mbali mbali waliuonja uchungu ule ule, wakautaja kwa jina lake.

Dandelioni haipandi juu kama mchunga. Majani yake hulala chini yakizunguka shina, na kila kikonyo kilicho wazi ndani huchukua kichwa kimoja tu cha maua. Mzizi wake hushuka chini kama karoti. Lakini utomvu ni mweupe kama wa mchunga, vijiua vyake vina meno matano, na mbegu zake huruka kwa nywele.

Katika nchi za Ulaya, siku za baridi kali, theluji hufunika mashamba na hakuna jani bichi linaloota. Zamani watu maskini walikaa miezi mingi kwa mkate, nafaka, na nyama iliyotiwa chumvi. Wengi walipatwa na kiseyeye, ugonjwa ambao ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, na vidonda havitaki kupona. Hawakujua wakati ule kwamba miili yao ilikosa kitu kinachoitwa sasa vitamini C. Walijua tu kwamba theluji ilipoyeyuka, dandelioni ilikuwa miongoni mwa majani ya kwanza kutokeza, na kwamba aliyeyala alipata nafuu. Kwa hiyo akina mama walitoka na visu na vikapu, kama bibi wa kwetu atokavyo siku za masika.

Wahamiaji waliotoka Ulaya katika karne ya 17 waliuchukua mmea huo mpaka Amerika, nao ukaenea nchi nzima. Mizizi yake huchomwa, ikasagwa na kupikwa badala ya kahawa, hasa wakati wa vita kahawa ilipoadimika. Jamaa yake mmoja, aotaye katika nchi ya Kazakhstan, ana utomvu ambao mpira hutengenezwa kwa huo. Katika Vita Kuu ya Pili, nchi za mpira za Mashariki zilipotekwa na Wajapani mwaka 1942, Warusi na mataifa mengine waliupanda kwa bidii ili wapate mpira wa magurudumu. Hivyo gugu likawa mali.

Lakini leo katika miji mingi ya huko, dandelioni ikionekana katika majani ya uwanja mbele ya nyumba, mwenye nyumba huichukia, akainyunyizia sumu. Kile kilichowaponya babu zake, yeye hakijui tena.

Namna ya kuupika mchunga

Majani ya mchunga huchumwa yakingali machanga, kabla mmea haujatoa maua, maana yakikomaa uchungu huzidi. Huoshwa kwa maji safi mara mbili au tatu ili mchanga utoke, kisha hukatwa. Wengi huyachemsha na kuyamwaga maji ya kwanza, na kama uchungu ungali mkali huchemsha mara ya pili. Halafu hutiwa kitunguu, nyanya, chumvi na tui la nazi, yakaachwa jikoni mpaka tui lishikane na majani. Huliwa kwa sima au wali. Wengine huyachanganya na mchicha au majani ya kunde, ili utamu wa haya upunguze uchungu wa yale. Na wako wazee wasiotaka uchungu uishe kabisa, kwa kuwa husema uchungu kidogo huamsha hamu ya kula.

Njia hizi si sawa kwa faida ya mwili. Anayemwaga maji humwaga pamoja nayo sehemu ya vitamini C na vitu vingine vinavyoyeyuka katika maji. Kwa hiyo afadhali kuchanganya mchunga na majani yasiyo machungu kuliko kuuchemsha mara nyingi na kumwaga. Tui nalo si la ladha tu. Majani ya kijani yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kitu hicho hakipokelewi vema pasipo mafuta. Akina mama wa pwani waliotia tui katika mchunga walifanya jambo ambalo elimu imekuja kulisifu baadaye.

Faida ya majani machungu

Majani ya kijani yana faida nyingi. Vitamini A hulinda macho. Mtoto aikosaye huanza kwa kutoona jioni giza linapoingia, na asiposaidiwa aweza kupofuka. Madini ya chuma husaidia kutengeneza damu, na mama mwenye mimba ayahitaji kuliko mtu mwingine. Chuma kilichomo katika majani hupokelewa vema zaidi mtu akila pamoja na kitu chenye vitamini C, kama ndimu au chungwa.

Dandelioni imepimwa sana na wataalamu. Katika gramu 100 za majani yake mabichi mna karibu miligramu 35 za vitamini C, na karibu miligramu 187 za kalsiamu, yaani madini yanayojenga mifupa na meno. Maziwa ya ng'ombe ya uzito huo huwa na kalsiamu kama miligramu 120. Si kwamba majani yawe badala ya maziwa, bali ijulikane kwamba kile kinachotupwa ukingoni mwa shamba si kitu bure.

Tena mchunga una fadhila nyingine, nayo ni wakati wake. Mwanzo wa masika ghala nyingi huwa zimekwisha, na mahindi mapya yangali majani. Huo ndio wakati wa njaa. Na huo ndio wakati mchunga unapochipua, bila kupandwa wala kununuliwa. Hata sungura wa mtoto wa shule huupenda, na mwenye kuwafuga huwapelekea.

Dawa za wazee

Wazee hawakuutumia mchunga kwa kitoweo tu. Katika sehemu nyingi za pwani majani au mizizi huchemshwa, na maji yake hunywewa kwa tumbo linalouma, kwa minyoo, na kwa homa. Wazungu nao waliitumia dandelioni kwa ini, kwa tumbo, na kwa kuongeza mkojo.

Je, mambo hayo ni kweli? Swali hili si la kumdharau mzee. Ni la kumheshimu, maana neno lisilopimwa haliwezi kutegemewa. Mwaka 2009 ulitangazwa uchunguzi mdogo wa watu 17 waliokunywa dawa ya majani ya dandelioni mara tatu katika siku moja. Baada ya mara ya kwanza walikwenda haja ndogo mara nyingi kuliko kawaida yao. Baada ya mara ya tatu haikuonekana tofauti. Basi, Wafaransa walioipa jina la mzaha huenda hawakukosa, lakini watu 17 ni wachache, na siku moja ni fupi. Mchunga nao umechunguzwa, na majaribio yamefanywa juu ya panya. Lakini panya si mtu. Linalomfaa panya laweza lisimfae mtoto.

Iko habari moja inayoonyesha jinsi jani linavyokuwa dawa ya kweli. Bibi Tu Youyou wa Uchina alitafuta dawa ya malaria, akasoma vitabu vya kale vya nchi yake. Kimoja kilitaja jani lililolowekwa katika maji na kukamuliwa, likanywewa kwa homa. Akatambua kwamba kuchemsha huenda huharibu nguvu ya jani, akaitoa dawa yake bila moto mkali. Mwaka 1971 alifanikiwa kuponya panya. Kisha yeye na wenzake wakainywa wenyewe wajue kama ina sumu. Ndipo wakawapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa za malaria zinazotolewa leo hospitalini zatokana na kazi hiyo. Angalia, basi: mzee alitoa habari, lakini kupima ndiko kulikoigeuza habari ikawa dawa.

Hatari ya kukawia

Hapa ndipo mtu apaswapo kuwa na akili. Malaria kali haingoji. Mtoto mwenye homa asipopata dawa inayofaa katika muda wa saa 24, ugonjwa waweza kumzidi, akaanza kutetemeka kwa degedege, akapoteza fahamu, hata akafa. Nyumba inayochemsha majani siku ya kwanza, ikachemsha tena siku ya pili, na kusema "tungoje kesho", yaweza kuikuta kesho hiyo ikiwa ya msiba. Si kwamba jani lilimwua mtoto. Kilichomwua ni saa zilizopotea.

Tena kikombe cha majani yaliyochemshwa hakina kipimo. Jani la shamba hili laweza kuwa kali kuliko la shamba lile, na mkono wa huyu huchota zaidi ya mkono wa yule. Kidonge cha hospitali hupimwa kwa umri na uzito wa mgonjwa. Kwa sababu hiyo mchunga na ukae katika chungu cha mboga, na mwenye homa apelekwe hospitali siku ile ile, apimwe damu.

Sheria za kuokota

Anayetaka kuokota mchunga, au jani jingine la porini, ashike mambo manne.

Kwanza, aende na mtu mzima aujuaye mmea huo. Utomvu mweupe peke yake si alama ya kutosha, maana mimea mingine yenye utomvu mweupe ni sumu kali, na mnyaa ni mmoja wao.

Pili, asiokote penye uchafu, penye maji machafu yapitayo, wala kando ya barabara penye moshi mwingi wa magari.

Tatu, asiokote katika shamba lililonyunyiziwa dawa ya kuua wadudu au magugu. Maji ya kuoshea hayaondoi sumu yote.

Nne, achume majani na kuacha shina, ili mmea uchipue tena, yeye na wenzake wapate siku nyingine.

Mwisho

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mtoto anayejifunza majina ya mimea ya nchi za mbali, asijue ile iliyo nyuma ya jiko la mama yake, ameachia mbacha wake. Na yule anayekataa kipimo cha daktari kwa kuwa babu yake hakukijua, naye amekataa faida. Kila kimoja kina mahali pake.

Bibi mwenye hekima ajua hivyo. Mjukuu wake akishikwa na homa, humtia mgongoni, akaenda naye hospitali pasipo kuuliza umbali. Na siku mtoto arudipo mzima, amekonda na mwenye njaa, bibi huchukua kikapu chake, akaenda shambani kutafuta mchunga. Safari hii mtoto hasemi kuwa ni magugu. Huenda naye, akamwonyesha penye majani machanga.

Maswali

1. Kwa nini mchunga hurudi shambani baada ya kupaliliwa?
2. Taja mambo matatu ambayo mchunga na dandelioni hufanana.
3. Kiseyeye ni ugonjwa gani, na majani mabichi husaidia kwa sababu gani?
4. Kwa nini tui la nazi ni jema katika mboga ya majani?
5. Eleza tofauti ya kikombe cha majani yaliyochemshwa na kidonge cha hospitali.
6. Muulize mzee wa kwenu majina ya mboga tatu za porini. Andika jinsi kila moja inavyopikwa.